Kumfikisha Mtoto au Kijana Kwenye Huduma za Ustawi: Mwongozo Kamili wa Rufaa Isiyopotea Njiani

Mwalimu anaona binti amebadilika. Mjumbe wa shina anasikia kuna mtoto analala njaa. Kiongozi wa vijana anajua kijana fulani ameanza kutumia unga wa dawa za kulevya. Wote watatu wanasema neno lile lile: "Nenda Ustawi wa Jamii, pale halmashauri." Mwezi unakatika na mtoto hajafika.

Maelekezo peke yake si rufaa. Rufaa imekamilika pale mtoto anapopokelewa na mtu mwenye jina na wadhifa, akahudumiwa, na wewe uliyemtuma ukajua kilichofanyika. Hatua zilizo hapa chini ni za mwalimu wa malezi, mwenyekiti wa mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa dini na yeyote anayejitolea na watoto Tanzania Bara. Walioko Zanzibar watafuata mpangilio huu huu, ila wataanzia kwa sheha.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kaunta buku moja nene (ya "quire" mbili). Hili ni daftari la ufuatiliaji. Usitumie daftari la mahudhurio wala karatasi zilizolegea.

Fomu ya rufaa. Karatasi moja ya A4 iliyogawanywa sehemu tatu: moja inabaki kwako, moja inabaki kwa mpokeaji, na ya tatu mpokeaji anaijaza na kukurudishia.

Simu yenye vocha. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo, lakini kumpigia afisa wa kata kunahitaji salio.

Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na fedha kidogo ya chakula. Itenge mapema, hata kama ni mfuko mdogo wa kamati au wa msikiti au kanisa. Rufaa nyingi hufia kwenye nauli.

Wasindikizaji wawili wanaojulikana, mwanamke na mwanamume. Binti aliyeumizwa na mwanamume asilazimishwe kusindikizwa na mwanamume.

Kabati au sanduku lenye kufuli. Daftari lenye siri za watoto halilali mezani.

Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata au wa mtaa, kama wewe si mtumishi. Ofisi ina haki ya kumuuliza mtu asiyefahamika kwa nini amekuja na mtoto wa mwenzake. Barua hiyo inakuondolea mashaka hayo, na inamlinda mtoto pia.

## Hatua ya 1: Tengeneza orodha ya huduma kwa miguu

Usinakili majina ya ofisi kutoka kwenye mtandao. Pita mwenyewe. Kwa kila mahali andika: nani anahudumia (wadhifa, jina, simu), anapatikana siku gani na saa ngapi, anahudumia umri gani, mtu aje na nini, na kama kuna malipo.

Orodha ya kata isikose:

- Mtendaji wa kata, na mtendaji wa mtaa au kijiji
- Afisa Ustawi wa Jamii. Kata nyingi hazina wa kwao, na hapo unaandika wa halmashauri
- Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata
- Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu
- Zahanati au kituo cha afya, na hasa ulizia kama kuna huduma rafiki kwa vijana na siku zake
- Hospitali ya wilaya: kliniki ya afya ya akili, na Kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachohudumia waliofanyiwa ukatili) kama kipo
- Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au kijiji, iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, yaani Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto

Swali linalosahaulika ni siku. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri hushinda pia mahakamani, kwenye makao ya watoto na vijijini. Ukimpeleka mtoto siku ambayo afisa yuko mahakamani, mtoto anakaa kwenye benchi mpaka saa nane, anarudi nyumbani na njaa, na ukimwita tena haji.

Utajua umefanikiwa ukiweza kufungua orodha na kumpigia mtu sahihi ndani ya dakika tano, bila kuuliza mtu mwingine. Ihakiki kila baada ya miezi mitatu, maana watumishi huhamishwa.

## Hatua ya 2: Sikiliza bila kuhoji

Anachokuambia mtoto mara ya kwanza ni kidogo kuliko kilichopo. Anakupima. Ukimbana kwa maswali ya "kwa nini", anafunga mdomo. Tena kama kuna kosa la jinai, maswali yako ya kumwelekeza yanaweza kuuharibu ushahidi wake.

Kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: chini ya mwembe wa shule, kwenye baraza la ofisi. Usijifungie naye chumbani. Kisha:

1. Mwambie kwa nini umemwita. "Nimeona wiki mbili hizi unakaa peke yako, nikaona nikuulize unaendeleaje."
2. Nyamaza. Ukimya wa nusu dakika si mrefu, ingawa utauona mrefu.
3. Akisema jambo zito, jibu: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako."
4. Uliza mambo matatu tu ya lazima: Je, leo ukirudi nyumbani utakuwa salama? Nani mwingine anajua? Ungependa nini kitokee?

Usiahidi siri. Sentensi ya "sitamwambia mtu yeyote" itakugeuza mwongo kesho yake. Sema hivi: "Sitaitangaza. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, nitalazimika kumwambia mtu mmoja au wawili wanaoweza kukusaidia, na nitakuambia kwanza ni akina nani."

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Kutoa taarifa huko si umbea, wala si kuingilia familia ya watu.

Andika maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe na saa. Usiyapambe na usiongeze maoni yako.

Utajua umefanikiwa mtoto akiondoka akijua jambo moja litakalofuata na siku litakapofanyika.

## Hatua ya 3: Pima uzito, leo au wiki hii?

Hapa ndipo kuchelewa kunaumiza kuliko makosa mengine yote. Gawa mashauri mafungu mawili.

### Ya leo hii

Ubakaji au ulawiti. Mfikishe kituo cha afya mara moja. Dawa kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, zianze ndani ya saa 72 na humezwa siku 28 mfululizo, na zikianza mapema ni bora zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Mtoto asioge wala asibadilishe nguo kabla ya kupimwa. Kama ameshabadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa nailoni hutunza unyevu na ushahidi huharibika.

Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, na Dawati la Jinsia na Watoto ndio wanaoitoa. Lakini kama mtoto ana jeraha au anatoka damu, anza na matibabu. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja, kwa hiyo mpeleke hapo moja kwa moja.

Utasikia "tuyamalize kifamilia." Usikae kikao hicho hata kwa heshima. Mbuzi na fedha za faini haziwezi kuwa dawa kinga, na mtuhumiwa atabaki na mtoto mle mle nyumbani.

Anayefikiria kujiua. Muulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, linamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna. Usimwache peke yake hata kwa muda mfupi. Hakikisha sumu ya panya, viuatilifu vya shambani na dawa zilizobaki zimeondolewa nyumbani, kisha mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kipigo kilichojeruhi, mtoto aliyetelekezwa, ndoa au ukeketaji uliopangwa siku za karibuni. Piga 116, mjulishe mtendaji na Dawati. Kwa dharura ya polisi, piga 112.

### Ya wiki hii

Utoro wa muda mrefu, njaa ya mara kwa mara nyumbani, huzuni isiyoisha, matumizi ya pombe au dawa, mimba, mtoto anayelea wadogo zake peke yake, ulemavu usiohudumiwa. Haya yanakupa siku chache za kujiandaa vizuri. Zitumie, lakini zisizidi saba.

## Hatua ya 4: Pata ridhaa

Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kwa kawaida mzazi au mlezi anatakiwa kujua na kukubali. Mtembelee nyumbani jioni, usimwite ofisini. Mzazi aliyeitwa ofisini anakuja akijihami, akidhani anashtakiwa. Anza na jambo jema kuhusu mtoto wake, kisha eleza unachoomba.

Hali moja inabadilisha haya yote: kama mzazi, mlezi au ndugu wa nyumba hiyo ndiye anayetuhumiwa, usiende. Ukimtaarifu, mtoto anaweza kutishwa au kuhamishiwa mkoa mwingine usiku huo huo. Toa taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati, wao ndio watakaopanga namna ya kumfikia.

Aliyetimiza miaka 18 anaamua mwenyewe, hata kama mama yake analia mlangoni kwako. Unaweza kumshawishi, huwezi kumpeleka kwa nguvu. Hatari ya kujiua ndiyo pekee inayokuruhusu kuhusisha wengine kabla hajakubali.

## Hatua ya 5: Chagua mlango mmoja wa kuanzia

Kosa la watu wenye moyo mzuri ni kumtuma mtoto sehemu tatu katika wiki moja: kliniki, ustawi, na shirika fulani. Kila ofisi inamtaka aeleze upya, nauli zinaisha, na anaziacha zote. Chagua mlango mmoja, ule unaogusa kile alichokuambia anakitaka. Mingine itafunguka kupitia huo.

Njaa na umaskini wa kaya. Anza na Afisa Ustawi wa Jamii kwa tathmini ya kaya. Kwa mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini), ulizia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, lakini usimwahidi mtu kwamba ataingizwa. Walengwa hutambuliwa kwa utaratibu wake na kwa vipindi.

Kukatiza masomo, pamoja na kwa sababu ya mimba. Nenda kwa mkuu wa shule ukiwa unajua Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu waliokatiza masomo kurejea shuleni. Mkuu akisita, panda kwa Afisa Elimu Kata. Kabla binti hajarudi darasani, hakikisha kuna mtu wa kubaki na mtoto wake saa za masomo. Bila hilo atarudi shule wiki mbili na kuacha tena.

Unga na dawa nyingine za kulevya. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya haina malipo. Hapa kuna kosa linalojirudia: kumpeleka kijana wa bangi au pombe kwenye kliniki ya methadoni. Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Wa bangi na pombe anahitaji kliniki ya afya ya akili. Na hata kwa mtumiaji wa heroini, dawa ile huanza kwa kuhudhuria kila siku. Kabla hujampa moyo, piga hesabu ya umbali na nauli ya kila siku. Nyumba za upataji nafuu ("sober house") huchangiwa fedha kila mwezi, kwa hiyo familia ijue kiasi mapema.

Afya ya uzazi, magonjwa ya zinaa, kupima VVU. Huduma rafiki kwa vijana katika kituo cha afya. Waulize saa ambazo hakuna foleni ya kina mama wa mtaa mmoja na binti huyo.

Ulemavu. Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri kwa upimaji na shule, na Afisa Ustawi kwa msamaha wa matibabu na vifaa saidizi.

Kijana asiye na kazi. Hapa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutajwa haraka mno. Fedha ile imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vijana huiomba kwa kikundi kilichosajiliwa. Kijana aliyevunjika moyo hana nguvu ya kuunda kikundi leo. Mwanzishie kwenye michezo, kwaya au mafunzo mafupi, apate watu kwanza.

## Hatua ya 6: Piga simu, ndipo uandike

Simu inatangulia karatasi. Maneno yake ni mafupi: "Shikamoo afisa. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya kata. Nina mtoto wa miaka 14 anayehitaji tathmini ya kaya. Mlezi amekubali. Naomba tuje siku utakayokuwepo ofisini. Alhamisi saa nne inafaa?" Usitaje jina kwenye simu ya kwanza kama kuna watu wamekuzunguka.

Kisha jaza fomu. Mfano wa maelezo yanayotosha:

> Msichana, miaka 14, Kidato cha Kwanza. Anaishi na bibi yake. Hajafika shule wiki tatu, anamuuguza bibi, na hakuna anayeingiza kipato. Anaomba kurudi shule. Bibi ameridhia. Mkuu wa shule amesema nafasi ipo. Tunaomba: tathmini ya kaya na msamaha wa matibabu ya bibi. Hajawahi kuhudumiwa na ofisi nyingine.

Angalia kilichomo: tatizo lililoonekana, anachotaka mwenyewe, kilichokwisha kufanyika, na ombi lililo wazi. Fomu inayosema "tunaomba msaada kwa mtoto huyu" inamwacha afisa hajui aanzie wapi.

Usiandike habari za ubakaji, VVU au jina la mtuhumiwa kwenye karatasi anayoibeba mtoto. Itafunguliwa njiani, au dirishani na mtu wa mapokezi. Andika "shauri la ulinzi, maelezo kwa mdomo," kisha mweleze mpokeaji mwenyewe.

## Hatua ya 7: Msindikize

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mpigie afisa kuthibitisha. Asubuhi mtoto anywe chai. Akutane na msindikizaji sehemu ambayo haitamtia aibu. Kwenye geti la shule, wenzake wakiangalia, si mahali pake.

Mkifika, msindikizaji amtambulishe mtoto kwa jina, aseme amekuja kwa jambo lililozungumzwa kwenye simu, kisha amuulize mtoto: "Ungependa nikae humu au nikusubiri nje?" Jibu lake liheshimiwe. Kama mtoto amechoka kusimulia, msindikizaji asimulie kwa niaba yake na mtoto asahihishe tu.

Kabla ya kuondoka pateni vitu vitatu: sehemu ya tatu ya fomu iliyojazwa, tarehe ya kurudi, na jina la atakayempokea siku hiyo.

Afisa asipokuwepo, msirudi kimya. Mpigie simu mkiwa pale pale, mwombe mwenzake ampokee, na tarehe mpya iandikwe hapo hapo.

Kijana wa kijiweni au dereva wa bodaboda hasindikizwi hivi. Mtafutie mwenzake aliyewahi kutumia huduma hiyo, waende kama marafiki, na muda usigongane na saa zake za kutafuta riziki.

## Hatua ya 8: Fuatilia

Chora safu hizi kwenye kaunta buku: namba ya shauri, tarehe, umri na jinsia, ombi, mpokeaji, tarehe ya kufika, kilichofanyika, ufuatiliaji, tarehe ya kufunga, na mtu mzima wa kumkimbilia. Tumia namba badala ya jina. Majina na namba zake yakae kwenye daftari dogo tofauti, ndani ya kufuli.

Fuatilia siku ya tatu, wiki ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu. Siku ya tatu ndiyo ya maana zaidi, kwa kuwa ndipo mtoto anapoamua kama atarudi au la. Muulize: "Walikupokeaje? Kuna kitu hukukipenda?" Usimuulize walichozungumza ndani.

## Inapokwama

Mtoto hakwenda. Usimlaumu. Tafuta kati ya sababu hizi: nauli, kazi za nyumbani siku hiyo, woga wa kuonekana, au mzazi kubadilisha msimamo. Panga upya mara moja, na safari hii ubadilishe kile kilichozuia.

Ofisi haikufanya kitu ndani ya wiki mbili. Panda ngazi kwa maandishi: kutoka kata kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji, ukiambatisha nakala ya fomu. Piga pia 116 na uombe shauri lifuatiliwe. Kwenye shauri la leo hii usisubiri wiki mbili, panda siku hiyo hiyo.

Umeombwa fedha ambayo si halali. Omba risiti. Kama haitolewi, usilipe, na jambo hilo lifike kwa msimamizi wa ofisi hiyo.

Habari zimevuja mtaani. Mwambie mtoto kabla hajasikia kwa wengine, kisha pangeni pamoja atakachojibu akiulizwa. Chunguza aliyevujisha, na kama ni msindikizaji, aondolewe kwenye kazi hii.

## Lini shauri linafungwa

Funga shauri pale mambo matatu yanapotimia: ombi lililoandikwa kwenye fomu limejibiwa, mtoto mwenyewe amesema hali yake ni nafuu, na kuna mtu mzima mmoja anayeishi karibu naye ambaye mtoto atamkimbilia likitokea jingine. Andika wadhifa au uhusiano wa mtu huyo kwenye safu ya mwisho. Kama safu hiyo haina jibu, shauri linabaki wazi hata kama mengine yote yamekamilika, na ufuatiliaji unaendelea kila mwezi.